Saumu haikuwa na kazi pale

Mnaofuatilia mapishi ya Kitaliano mnaikumbuka Februari 2015, mpishi Carlo Cracco aliposema kwenye luninga ya Canale 5 kwamba amatrichana yake, mchuzi wa tambi, huitia punje ya kitunguu saumu isiyomenywa. Halmashauri ya mji wa Amatrice, ulioipa amatrichana jina lake, ikamjibu hadharani: bila shaka ulimi umeteleza. Ikavitaja upya vinavyoingia: gwanchale, pekorino, nyanya, mvinyo mweupe, pilipili manga na pilipili kali. Wengi waliwacheka kwa ukali wao. Mimi naona walikuwa wapole mno.

Tazama kikaango. Gwanchale, shavu la nguruwe lililotiwa chumvi na kukaushwa, hukaa kwenye moto wa wastani hadi mafuta yatoke na nyama ipate ukoko. Mafuta hayo ndiyo mchuzi wenyewe. Mna utamu, chumvi na harufu ya pilipili manga iliyopakwa kabla ya kukausha. Ukiingiza saumu wakati huo, harufu yake hukolea ndani ya mafuta, na mafuta hufika kwenye kila uzi wa tambi. Watetezi wa Cracco husema punje ina ganda, haikupondwa, na huopolewa mapema. Kweli, saumu isiyokatwa ni pole, maana ukali wake huzaliwa inapopondwa au kukatwa. Lakini ukiopoa punje, harufu imeshabaki. Halafu inakuja pekorino, jibini la maziwa ya kondoo, na ukali wake. Pale pametosha mkali mmoja.

Nimelisema hili mara nyingi na nitalirudia: mkono hukimbilia saumu kabla kichwa hakijauliza ya nini. Pwani yetu mchuzi huanza na kitunguu na saumu, na ni sawa, kwa kuwa nazi na bizari zinastahimili. Amatrichana ina vitu vichache, na kila kimoja kinasikika. Tabia hiyohiyo ndiyo iliyotuletea krimu kwenye karbonara na mafuta kwenye maji ya tambi.

Kinachouma ni kwamba Cracco alipita jikoni kwa Gualtiero Marchesi, ambaye mgahawa wake wa Milan ulikuwa wa kwanza Italia kupata nyota tatu za Michelin, mwaka 1985. Marchesi hakutaka vipande vya kitunguu kwenye risoto ya zafarani. Alikipika pembeni kwa mvinyo mweupe, akachanganya na siagi, akachuja. Risoto ikapata uchachu wake bila kipande hata kimoja. Huyo alijua kuondoa. (Naye alitia krimu kwenye karbonara, na hapo simtetei.)

Cracco mwenyewe si mpishi mbaya: kiini chake cha yai, kile kinachokazwa kwa chumvi na sukari, ni kazi safi.

Nyumbani, gwanchale ikipata ukoko itoe uiweke kando. Mimina mvinyo, uache ukauke, ndipo nyanya ziingie. Tambi zitoke majini zikiwa bado ngumu kidogo, zimalizie kuiva kikaangoni kwa upawa wa maji yake. Pekorino isubiri moto uzimwe. Ukikosa gwanchale, panseta inakaribia. Bekoni italeta moshi usiotakiwa. Na anayetamani saumu pamoja na nyanya na pilipili kali, Roma ina arabiata: haina gwanchale, na saumu ndiyo inayoanza kuingia kwenye mafuta.