Waholanzi Walivyoigawanya Barabara

Katika mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa kwa ajali za barabarani katika Uholanzi, na zaidi ya 400 miongoni mwao walikuwa watoto. Nayo ni nchi ndogo, iliyo tambarare, ambayo baiskeli ilikuwa imezoeleka humo muda mrefu kabla motokaa hazijazagaa katika kila mtaa. Mwandishi wa gazeti la De Tijd, Vic Langenhoff, aliyefiwa na binti yake barabarani, aliandika mwaka 1972 makala ya kudai kwamba mauaji ya watoto yakomeshwe, na kutokana na makala ile kikazaliwa chama cha wazazi kilichojiita Stop de Kindermoord. Mwaka uliofuata mafuta yakaadimika duniani, serikali ikapiga marufuku motokaa siku za Jumapili, na raia wakazitazama kwa macho yao wenyewe barabara kuu zikiwa zimejaa watembeao kwa miguu na wapanda baiskeli.

Nimeona vyema kuyachambua yaliyofanywa baada ya hapo, kwa kuwa wengi wanaozisifu baiskeli za Uholanzi hudhani siri yake ni adabu ya watu, kwamba dereva wa huko ni muungwana kuliko wa kwingineko. Adabu ni jambo la kupendeza, lakini haiwezi kuwa nguzo ya usalama, kwani hata muungwana husinzia, hughafilika, na hupigwa na jua la machweo usoni. Waholanzi waliyakubali maumbile hayo ya binadamu, wakaazimia kuitengeneza barabara yenyewe kwa namna ambayo kosa la kawaida halitamgharimu mtu roho yake.

Msingi wa kwanza ulikuwa mwendo. Nguvu ya chombo kinachokwenda huongezeka kwa kadiri ya mraba wa mwendo wake, hivyo motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa huwa na nguvu inayokaribia mara tatu ya ile iendayo kilomita 30, ijapokuwa dereva aliye ndani huiona tofauti hiyo kuwa ndogo. Kwa hiyo taasisi ya utafiti ya SWOV ilipotoa mwaka 1992 mafundisho yaliyoitwa Duurzaam Veilig, yaani usalama wa kudumu, ilitaka kila barabara iwe na kazi moja iliyo wazi: ama ya kusafirisha watu mbali, ama ya kugawa magari katika mitaa, ama ya kufikia nyumba na maduka. Penye nyumba, mwendo ni kilomita 30, na hapo baiskeli na motokaa huchangia lami moja. Penye mwendo wa kilomita 50 au zaidi, baiskeli hupewa njia yake, iliyotengwa kwa ukingo au kwa ukanda wa majani. Hivyo swali la kuchangia au kutenganisha halikuachiwa matakwa ya mtu, bali lilipimwa kwa mizani ya mwendo na uzito wa vyombo.

Hata hivyo njia iliyotengwa haina faida kubwa ikiwa inamwokoa mtu katikati ya barabara na kumtupa hatarini kwenye njia panda, na hapa ndipo ilipo hikima iliyo bora kupita zote. Huko huendeshwa kwa mkono wa kulia, na aghalabu msiba huzuka pale motokaa, au lori hasa, inapokata kona kwenda kulia huku baiskeli iliyo ubavuni mwake ikiendelea mbele, pahali ambapo dereva hamwoni mpandaji hata akitazama kioo. (Kwetu pwani, tunaoendesha kwa mkono wa kushoto, hatari ni hiyo hiyo kwa upande wa pili.) Mafundi wakajenga kisiwa cha mawe penye pembe ya makutano, na kivuko cha baiskeli wakakirudisha nyuma kwa takriban urefu wa motokaa moja. Natija yake ni tatu: kona huwa kali, ikamlazimisha dereva apunguze mwendo, motokaa huwa imekwisha kugeuka inapofika kivukoni, hivyo dereva humwona mpandaji mbele yake kupitia kioo kikubwa cha mbele, na baina ya kivuko na barabara hubaki nafasi ya kusimama na kungoja, bila kusukumwa na honi za walio nyuma.

Sheria nayo ilitia mkono wake. Kwa kifungu cha 185 cha sheria ya barabarani ya mwaka 1994, mwenye motokaa iliyomgonga mpanda baiskeli hubeba dhima ya fidia, isipokuwa athibitishe kwamba ajali ilisababishwa na jambo lililo nje ya uwezo wake. Na mtoto aliye chini ya miaka 14 hulindwa zaidi, hata akiwa amekosea. Wageni huitukuza mno sheria hii. Lakini ni ya madai na bima, wala si ya jinai, na fidia huja baada ya mtu kuumia, ilhali kisiwa cha mawe huzuia asiumie.

Vifo vya watoto vimeshuka kwa zaidi ya tisa katika kila kumi tangu mwaka ule wa huzuni wa 1971, ingawa motokaa zimeongezeka zaidi ya mara tatu. Lakini kazi haijakwisha: katika mwaka 2022 wapanda baiskeli waliokufa walikuwa takriban 290, wakawazidi waliofia ndani ya motokaa, na wengi wao walikuwa wazee, baadhi wakipanda baiskeli zenye mota ambazo njia za zamani hazikupimwa kwa ajili yake.

Anayetaka kuwaiga na afuate utaratibu wao: aanze kwa kupunguza mwendo penye makazi, kisha atenge njia penye mwendo mkubwa, kisha asishughulike na jambo jingine mpaka njia panda zimetengenezwa. Mstari wa rangi uliochorwa kando ya barabara ya magari ya kasi haumlindi yeyote, na serikali inayoridhika nao huwa imenunua rangi tu, haijanunua usalama.