Maharagi Yakiwa Bado Mabichi

Mwezi wa Januari pale sokoni Kadutu, hapa Bukavu, mahali ambapo mvua ikinyesha mteremko mzima hugeuka utelezi, maharagi mabichi huuzwa yakiwa bado ndani ya maganda, yamerundikwa juu ya mifuko iliyopasuliwa. Mengi yameshuka kutoka Kabare mgongoni mwa akina mama, kamba ya mzigo ikiwa imekaza kwenye paji la uso. Ni mavuno ya yale yaliyopandwa Septemba. Mengine yatakuja kuelekea Juni. Katikati hapo mji unakula makavu.

Jirani yangu haanzi na bei. Anaokota ganda moja, analitikisa karibu na sikio.

«Hii inaisha kauka», anasema, na kulirudisha.

Lingine analikunja taratibu. Likikatika kwa mlio, bado ni changa, la kupikwa zima kama mboga. Analolitaka ni lile lililoanza kupoteza kijani na kuwa manjano, linalokunjika kama ngozi, huku punje zikihesabika kwa kidole kabla halijafunguliwa. Anapasua moja na kubonyeza punje kwa ukucha: alama ibaki, maji yasitoke. Madoa ya kahawia yaliyobonyea anayakataa. Tundu dogo la mdudu analikataa hata kama ganda lenyewe ni zuri.

«Mama, utayamaliza yote na macho?» muuzaji anauliza. Wanacheka wote wawili, na mkono unaendelea kuchagua.

Nyumbani mzigo hauendi kwenye mfuko wa plastiki. Maharagi mabichi bado yanapumua. Ukiyafungia yanapata joto, yanatoa jasho, kisha yanaota ukungu. Anayatandaza juu ya ungo, chini ya ukingo wa paa ambapo jua halifiki, na hayamenyi. Ganda ndilo ghala lake, nalo humpa siku mbili tatu. Friji anayo jirani mwingine, ila kwa umeme wetu wa Bukavu ni kabati tu lenye mlango mzito.

Anamenya ya chungu cha leo peke yake. Kidole gumba kinaingia kwenye ncha, kinapita juu ya mshono, ganda linajifungua, na kidole hicho hicho kinasukuma punje tano au sita sufuriani kwa mwendo mmoja. Nilijaribu. Ganda langu lilipasuka ubavuni na punje mbili zikarukia uani. Yeye hatazami hata mikono yake. Anatazama punje zinazoanguka, nyeupe, waridi, nyingine zenye mabaka ya zambarau, na iliyooza anaidaka kabla haijazama kati ya wenzake. Maganda matupu yanawangoja simbilisi.

Juu ya mbabula, jiko la makala, maji yamekwisha chemka ndipo punje zinaingia, maji yakizipita kidole kimoja tu. Makavu yangemlia makala mchana kutwa. Haya yanataka kama saa moja. Lakini haharakishi. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo mapovu peke yake hayathibitishi kitu. Tena haragi lisiloiva vizuri lina sumu inayosokota tumbo. Anaengua povu, anaongeza maji ya moto kutoka birikani, kamwe si ya baridi. Hakorogi kwa mwiko. Anashika sufuria masikio mawili na kuitikisa, punje zisipondeke.

Nyanya zinasubiri pembeni, kwa sababu uchachu wake hukaza ngozi ya haragi. Anaonja punje moja. Bado. Anapunguza makala. Anaonja nyingine, anaibana kwa ulimi na kaakaa, ikawa uji bila kuacha ngozi. Sasa ndipo zinaingia nyanya, kitunguu, majani ya seleri, chumvi, na mawese kidogo yanayotandaza rangi yake polepole juu ya mchuzi.

Bugali uko tayari, watoto wamenawa. Yeye kwanza anarudi kwenye ungo, anageuza maganda ya kesho, ya chini yaje juu, ndipo anapovuta kiti.