Uvimbe Hautolewi kwa Pupa

Kazi haianzi na kisu. Inaanza na mto. Mwanamke mwenye uvimbe mkubwa wa ovari akilazwa chali kabisa, mzigo ule unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na presha inaporomoka. Kwa hiyo mtaalamu wa usingizi anamwekea kimto chini ya nyonga ya kulia, mwili unaegemea kushoto. Anapima presha. Anasubiri, anapima tena, ndipo anapompa nusukaputi.

Mkoani Singida, Tanzania, kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, na za misheni kama Makiungu na Mtakatifu Gaspar ya Itigi. Lakini vijiji viko mbali, na uvimbe usio saratani hukua kimyakimya. Hauumi sana, mtu anaendelea kulima alizeti yake, majirani wanahesabu miezi ya mimba mpaka wanachoka kuhesabu.

Daktari anapasua katikati, chini ya kitovu. Ngozi, mafuta, kisha utando mgumu mweupe. Utando wa mwisho, mwembamba, anauinua kwa koleo mbili na kuukata kidogo tu, maana uvimbe uko papo hapo nyuma yake. Unaonekana: mweupe wa kung'aa, umetambaliwa na vishipa vya buluu.

Ningekuwa mimi ningeutoboa palepale, maji yatoke, twende nyumbani. Yeye hautoboi. Ndani huenda mna ute mzito kama uji, na bado hakuna mwenye hakika kwamba hauna saratani. Ukimwagika tumboni, haukusanyiki wote. Anarefusha mpasuo vidole viwili, anapitisha mkono kuuzunguka, anapapasa kama umeshikana na utumbo. Kisha anaunyanyua, taratibu mno, kwa sababu mzigo ukiondoka ghafla presha inaanguka tena. Mtaalamu wa usingizi anataja namba. Zikishuka, mikono yote inasimama.

Sasa uko nje, umeshikiliwa na kikonyo tu, kama boga. Kabla ya kukibana, daktari anautafuta mrija wa mkojo unaoshuka kutoka kwenye figo. Anaugusa kwa ncha ya koleo. Unajikunyata kama nyungunyungu. Huo usikatwe. Ndipo anapobana, anakata, na sindano anaipitisha katikati ya kikonyo chenyewe ili uzi usiteleze. Fundo likiachia usiku wodini, damu haimsubiri daktari aamshwe.

Mwaka 1809, huko Danville, Kentucky, Marekani, daktari Ephraim McDowell alimtolea Jane Todd Crawford uvimbe wa kilo 10 hivi bila dawa yoyote ya usingizi. Alitumia dakika 25, na mama yule aliishi zaidi ya miaka 30 baadaye. McDowell ilimbidi akimbie. Nusukaputi ndiyo iliyowapa waliomfuata ruhusa ya kwenda polepole.

Ovari ya pili inageuzwa, inatazamwa pande zote, inarudishwa. Kwa ovari hiyo moja mgonjwa bado anaweza kuzaa. Muuguzi anahesabu gozi na koleo kwa sauti, na tumbo halifungwi mpaka hesabu itimie.

Kesho yake mgonjwa anasimamishwa, atembee hatua chache damu isigande miguuni. Khanga inamzunguka mara mbili. Uvimbe umetoka, kipande chake kimekwenda maabara ya patholojia, na mpaka majibu yarudi daktari hatamki neno "umepona".