Chini ya Upenu wa Hinoki

Anayetaka kuyaona vizuri mahekalu ya kale ya Japani aende Januari, siku za mwanzo wa mwaka zikishapita. Siku hizo za kwanza watu hufurika katika mahekalu na maabadi ya Shinto kuomba heri ya mwaka mpya, na msafiri ataona zaidi migongo ya watu kuliko majengo. Baadaye umati hutawanyika, baridi hubaki, na jua hupita chini upande wa kusini. Jua hilo ndilo linalonifanya nisifie majira haya. Mapaa ya mahekalu yana upenu mrefu mno, na wakati wa joto, jua likiwa utosini, kila kilicho chini ya upenu huwa kizani. Januari mwanga huingia kwa ubavu na kumulika boriti, makombamoyo na viungo vyote. Wageni wengi huitazama sanamu ya Buddha, hulipiga picha paa, huenda zao. Wangeinua shingo na kutazama chini ya paa wangekuta kazi ya mikono ambayo, kwangu mimi, ndiyo hasa ya kusafiria.

Pa kuanzia ni Horyu-ji, hekalu lililo katika mji mdogo wa Ikaruga, mkoani Nara. Lilianzishwa mwaka 607 na mwanamfalme Shotoku, na kumbukumbu za kale zinasema liliteketea mwaka 670 kisha likajengwa upya. Ukumbi wake mkuu na pagoda yake ya ghorofa tano ndiyo majengo ya mbao makongwe kuliko yote yaliyosimama duniani. Nguzo ya katikati ya pagoda imewatia wataalamu katika ubishi mkubwa, kwa kuwa pete za umri wake zinaonyesha kwamba mti wenyewe ulikatwa mwaka 594, miaka mingi kabla ya moto ule. Ama nguzo ilikuwa imewekwa akiba, ama ilitoka katika jengo jingine. Ubishi huo nawaachia wao. Ninachokistaajabia ni kwamba nguzo hiyo haibebi ghorofa hata moja. Inabeba pambo la shaba lililo kileleni, basi. Ghorofa zimepangwa moja juu ya nyingine kuizunguka, na ardhi inapotetemeka kila moja huyumba kivyake. Katika nchi yenye matetemeko kama Japani, pagoda hii yenye urefu wa mita 32 hivi imesimama zaidi ya miaka 1,300.

Sasa tazama upenu wenyewe. Paa la vigae ni zito sana, na upenu umejitokeza mita kadhaa nje ya ukuta bila nguzo chini yake. Unashikiliwa na nini? Juu ya kila nguzo kuna mikono ya mbao iliyochongwa kwa umbo la mawingu, na juu ya mikono hiyo imelala boriti ndefu ya mshazari. Kichwa chake cha nje kimebeba vigae, na mkia wake wa ndani umekandamizwa na uzito wa jengo. Uzito wa nje na wa ndani husawazishana, na mikono ile ya mawingu ndiyo mahali pa egemeo. Fundi aliyeujenga upenu huo hakuwa na hesabu za uhandisi tunazozijua leo, lakini alijua kiasi gani cha kutoa nje na kiasi gani cha kubakiza ndani. Si kwamba hakuna kilichowahi kulegea. Pembeni mwa ukumbi mkuu utaona nguzo zilizozungukwa na majoka ya kuchonga, zikiinua ncha za upenu. Hizo ziliongezwa baadaye sana, kwa sababu pembe za paa zilikuwa zimeanza kuinama. Napenda kwamba hazikufichwa. Zinamwambia mtazamaji kwamba jengo hili limetunzwa na watu wa kila kizazi, na kila kizazi kimeacha alama ya utunzaji wake.

Mti uliotumika ni hinoki, wa ukoo mmoja na misaipresi inayopandwa katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ila huo wa Japani hukua polepole mno. Nyuzi zake zimenyooka, una mafuta yanayozuia wadudu na kuoza, na harufu yake ni kali na tamu. Mafundi waliofungua majengo ya Horyu-ji kwa matengenezo wameeleza kwamba ukipitisha randa juu ya mbao za karne ya saba, chini ya vumbi na weusi wa nje, harufu ya hinoki huinuka upya.

Aliyetufundisha zaidi kuhusu mti huo ni Nishioka Tsunekazu, aliyezaliwa mwaka 1908 katika ukoo wa maseremala wa Horyu-ji na kufariki mwaka 1995. Babu yake, aliyekuwa seremala mkuu wa hekalu, alimpeleka shule ya kilimo badala ya shule ya ufundi. Alitaka mjukuu wake ajue udongo kwanza, kwa maana mti ni zao la udongo, na asiyejua ulikoota hawezi kujua utakavyokaa ukishakuwa nguzo. Ukoo ule ulikuwa na kanuni zilizorithishwa kwa mdomo. Mojawapo inamtaka fundi anunue mlima na si miti, yaani jengo moja lijengwe kwa miti ya mahali pamoja. Nyingine inataka mti usimame katika jengo jinsi ulivyosimama mlimani, ulioota kusini ukae kusini, ulioota kaskazini ukae kaskazini. Matawi hutoka kwa wingi upande wa jua, hivyo upande wa kusini wa shina huwa na vifundo vingi. Zunguka nguzo za Horyu-ji polepole uzitazame: upande unaotazama kusini ndio wenye vifundo.

Tena kuna tabia za miti. Mti uliopigwa na upepo wa upande mmoja miaka yote hujisokota, na hata ukishakatwa huendelea kutaka kujisokota. Kiwanda cha mbao huuona mti wa namna hiyo kuwa na kasoro. Fundi wa hekalu huutafutia mwenzake unaojisokota upande wa pili, akaiunganisha, na nguvu ya mmoja ikaizuia nguvu ya mwingine. Wajenzi wa zamani walisaidiwa na uchache wa zana zao. Misumeno ya kupasulia mbao kwa urefu ilifika Japani karne nyingi baadaye. Wao walipasua magogo kwa kabari, na kabari hufuata nyuzi za mti, haziwezi kuzikata. Baada ya kabari ikaja tezo, chombo ambacho mafundi wa majahazi wa Lamu na Zanzibar nao wanakijua mikononi mwao. Mwisho ukaja wembe wenye umbo la mkuki, unaovutwa juu ya mbao na kuacha mabonde mepesi yasiyolingana. Jua la Januari likipita kwa ubavu juu ya nguzo iliyolainishwa hivyo, mabonde yale huonekana yote.

Wembe huo ulikuwa umeachwa kutumika kwa karne kadhaa. Nishioka aliufufua, akasoma alama zilizobaki kwenye mbao za kale, akatengenezewa mwingine na mhunzi, kisha akajifundisha kuutumia. Aliutumia katika kazi kubwa ya maisha yake, kulijenga upya hekalu la Yakushi-ji, lisilo mbali na Horyu-ji. Pagoda ya mashariki ya Yakushi-ji ni ya mwaka 730. Ina ghorofa tatu, lakini kila ghorofa imevishwa paa dogo la ziada, hata macho huhesabu sita. Ya magharibi, pacha wake, iliungua mwaka 1528, na kwa miaka zaidi ya 450 pacha mmoja alisimama peke yake. Mkuu wa hekalu, Takada Koin, alichangisha fedha kwa kuwaomba Wajapani wanakili maandiko ya Kibuddha kwa mkono na kutoa sadaka kwa kila nakala. Ukumbi mkuu ulikamilika mwaka 1976, na pagoda ya magharibi mwaka 1981.

Miti mikubwa ya kutosha haikupatikana tena Japani. Ilibidi iletwe kutoka Taiwan, hinoki ya huko yenye umri wa miaka zaidi ya 1,000. Misumari ilifuliwa na mhunzi Shirataka Yukinori kwa chuma safi, kwa kufuata misumari ya kale, kwani msumari wa kiwandani hufa kwa kutu muda mrefu kabla ya mbao. Katika ukumbi mkuu Nishioka alilazimika kukubali saruji iwekwe ndani ili kuzilinda sanamu na moto. Aliipinga kwa nguvu, akisema saruji haitafikia hata sehemu ndogo ya umri wa hinoki. Mimi naona alikuwa na haki ya kukasirika, ingawa moto, kama tutakavyoona, si jambo la kupuuzwa.

Ukisimama kati ya pagoda hizo mbili utaona kwamba ile mpya imeizidi ya zamani kidogo kwa kimo, sentimita 30 hivi. Nishioka alilipima hilo kwa makusudi. Mbao hukauka na viungo hujibana, na paa zito hushuka polepole. Alikadiria kwamba baada ya karne kadhaa pagoda ya magharibi itakuwa imeshuka mpaka ilingane na mwenzake. Hakuna aliye hai atakayekuwapo kuipima.

Hekalu la Todai-ji, palipo na Buddha mkubwa wa shaba, linafaa kutembelewa kwa sababu nyingine. Ukumbi uliopo ulimalizika mwaka 1709, na ni mwembamba kuliko wa awali. Zitazame nguzo zake za ndani: ni vipande vingi vilivyokusanywa na kufungwa kwa mikanda ya chuma. Miti minene ilikuwa imekwisha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ufundi huu ukikosa msitu hauna pa kusimama.

Kyoto ina somo la paa. Hekalu la Kiyomizu-dera linajulikana kwa jukwaa lake la mwaka 1633, lenye kimo cha mita 13 juu ya bonde, lililosukwa kwa boriti zinazopenya ndani ya nguzo pasipo msumari. Juu yake kuna paa la magome ya hinoki, lililoezekwa upya kati ya mwaka 2017 na 2020. Magome hayo hubanduliwa kutoka kwenye mti ulio hai. Mbanduaji huingiza kijiti bapa chini ya gome, akalivuta kwenda juu, huku akipanda kwa kamba mpaka karibu na matawi. Kazi hufanywa miezi ambayo mti haukui sana, majira ya baridi yakiwa ndani yake, na ngozi ya ndani isiguswe hata kwa mkwaruzo. Gome la kwanza huwa duni. La maana ni linaloota baada yake, linalosubiriwa miaka 8 mpaka 10. Waezekaji hupanga vipande vya sentimita 75, kila safu ikipanda sentimita moja na kidogo juu ya iliyo chini yake, wakivipigilia kwa misumari ya mianzi wanayoitunza mdomoni na kuitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Paa hilo hudumu miaka 30 au 40, kisha huezekwa tena. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza ujuzi wa kutunza majengo ya mbao ya Japani, huu wa magome ukiwamo, katika orodha ya urithi usioshikika.

Asubuhi ya tarehe 26 Januari 1949, ukumbi mkuu wa Horyu-ji uliwaka moto. Ulikuwa unatengenezwa, na kwa bahati sehemu kubwa ya juu ilikuwa imeshafunguliwa na kuhifadhiwa pengine. Michoro ya ukutani ya karne ya saba iliungua. Mwaka uliofuata Japani ilitunga sheria ya kulinda mali za utamaduni, na baadaye tarehe ile ikawa siku ya mazoezi ya zimamoto katika mahekalu nchini kote. Msafiri wa Januari huweza kuona mabomba yakirusha maji juu ya mapaa. Nguzo zilizoungua zimehifadhiwa, nyeusi kama zilivyo.

Nishioka alipokea mwanafunzi mmoja mkubwa, Ogawa Mitsuo, ambaye aliiona pagoda ya Horyu-ji katika safari ya shule akaamua hiyo ndiyo kazi yake. Alikataliwa kwanza. Alipokubaliwa aliambiwa aachane na redio, magazeti na televisheni, anoe vyuma tu. Siku moja mwalimu alipitisha randa mara moja, akamwachia ukanda mmoja wa maranda, mwembamba hata mwanga ukapenya. Hakumweleza neno. Ogawa aliubandika kwenye kioo cha dirisha, akaendelea kunoa mpaka randa yake ikatoa mfano wake. Mwaka 1977 alianzisha karakana yake, ambamo vijana huishi, hula na kufanya kazi pamoja.

Na miti? Maabadi makuu ya Shinto ya Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, desturi iliyoanza mwaka 690. Mwaka 1923 msitu wa Ise uliingizwa katika mpango wa miaka 200 wa kukuza hinoki za ujenzi huo, na katika ujenzi wa mwaka 2013 karibu robo ya mbao ilitoka humo. Miti iliyoteuliwa kunenepa imezungushiwa mistari miwili ya rangi, na walinzi wa msitu hukata ile inayoizibia jua. Ujenzi ujao ni mwaka 2033. Hinoki zake za kwanza zilikatwa Juni 2025 katika milima ya Kiso, kwa mashoka, bila msumeno. Wakataji huchimba shina kutoka pande tatu mpaka matundu yakutane katikati na mti ubaki umesimama juu ya vipande vitatu vyembamba. Hapo hukata cha mwisho, na mti huangukia palepale walipoulekeza, mbao zake zisipasuke.