Hongereni, Jumuiya Ndogondogo
Pongezi ziziendee jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970. Zimeifikisha sikukuu sebuleni. Tazama Juni 3, siku ya Mashahidi wa Uganda: meza imetandikwa kitambaa chekundu, rangi ya mashahidi, mtoto mmoja anawasha mshumaa, mwingine anasoma Injili kwa kusitasita huku bibi akimsahihisha taratibu. Kisha wanasimuliwa habari za Kizito, kijana wa miaka 14 hivi, aliyechomwa moto Namugongo mwaka 1886. Maswali hayaishi mpaka pilau inapopakuliwa. Akina mama na makatekista mnaoandaa haya mwaka hadi mwaka, hongereni sana. Katekisimu ya kwanza ya watoto hawa ni ninyi.