Saa Nane ni Saa Nane

Mliotazama filamu ya Everest mnaikumbuka sehemu ile: Rob Hall, kiongozi wa msafara, yuko juu, wenzake wameshaanza kushuka, na mteja wake Doug Hansen bado anajikongoja kuja. Watu hulia hapo. Mimi huangalia saa.

Tarehe 10 Mei 1996 mwisho wa kupanda ulikuwa saa nane mchana, na Hall mwenyewe ndiye aliyewahubiria wateja wake kambini: ikifika, geuka, popote ulipo. Hansen alikanyaga kilele saa kumi imeshapita. Mita 8,848 juu, muda wa kugeuka ndio unaoamua kama utashuka na mwanga au gizani, na oksijeni mgongoni au na mtungi mtupu. Hall alipomwona akija alikuwa na kazi moja tu, kumgeuza, hata kama zimebaki hatua za kuhesabu. Yeye akamsindikiza hadi juu. Hawakurudi wote wawili.

Sababu tunaijua. Mwaka 1995 Hall alimgeuza Hansen huyohuyo karibu na kilele, kisha akamshawishi arudi. Hakuweza kumwambia hapana mara ya pili. Nimuonee huruma? Namwonea. Lakini kiongozi halipi deni la mwaka jana kwa mwanga wa leo. Na msinitajie foleni ya Hillary Step, ule mwamba ulio chini kidogo ya kilele, eti kamba hazikufungwa mapema. Muda wa kugeuka uliwekwa kwa ajili ya siku za namna hiyohiyo. Hata dhoruba, kali kama ilivyokuwa, ilimkuta Hansen ameshachelewa.

Wateja wengine watatu wa Hall waligeuka kabla ya adhuhuri, wakapona.

Wazee wa kazi walifanyaje? Tarehe 3 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika ukingo wa kreta ya Kibo, juu ya Kilimanjaro, kilele wanakiona, nguvu na mchana vinawaishia. Wakashuka. Walikuwa na kambi yenye chakula, Muini Amani wa Pangani akiilinda, hivyo kurudi tena kuliwezekana. Tarehe 6 walisimama juu kabisa. Safari yao ilipangwa ikiwa na nafasi ya kushindwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo ninapogombana kila msimu na wauzaji wa Kilimanjaro ya siku tano. Mgeni anapewa usiku mmoja tu wa kujaribu, kichwa kinamgonga Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele, na bado anaamshwa usiku wa manane apande, kwa sababu ratiba haina kesho.

Wewe unayetaka kulipia safari ya namna hii, muulize wakala maswali mawili: saa ya kugeuka ni ipi, na nani mwenye neno la mwisho? Akikujibu "tutaona hukohuko", usilipe.