Honda E-Clutch: Gia Bado Zako, Klachi Inajishika Yenyewe

Tia gia ya kwanza bila kugusa klachi. Injini inanguruma, gia imeingia, pikipiki imesimama tuli! Vuta mafuta kidogo, inaondoka laini mno. Na hii si skuta. Ni Honda CB650R: cc 649, silinda nne, gia sita za kukanyaga kwa mguu, na mkono wa klachi upo palepale kushoto, ukisubiri siku utakapouhitaji. Nimeshuka kwenye pikipiki hii nikiwa na neno moja kwa wote wanaobishana kati ya gia na otomatiki: mlikuwa mnabishania vitu viwili mkidhani ni kimoja.

Klachi ni kazi. Gia ni raha. E-Clutch imeondoa kazi na kutuachia raha yote.

Honda waliuonyesha mfumo huu Novemba 2023 kwenye maonyesho ya EICMA mjini Milan, na 2024 ukaingia sokoni kwenye CB650R na nduguye CBR650R. Siri iko upande wa kulia wa injini, ndani ya kifuniko: mota mbili ndogo za umeme ndizo zinazoshika na kuachia klachi. Kompyuta inasoma mzunguko wa injini, kasi ya matairi, gia uliyomo, jinsi unavyovuta mafuta na mguu wako unavyoikandamiza pedali, kisha inaziamuru mota. Mzigo ulioongezeka ni kama kilo 2 tu! Na hapa ndipo mafundi wao wanapostahili kupigiwa makofi: chuma kinachofungua klachi wamekigawa vipande vitatu, kwa hiyo mota zinafanya kazi yao na kiganja chako kinafanya yake, bila kugombana.

Nimeiendesha London, kwenye foleni za kusogea na kusimama. Taa nyekundu, nashika breki, pikipiki inasimama ikiwa ndani ya gia na injini haizimi. Taa ya kijani, navuta mafuta, twende! Mwendesha bodaboda yeyote aliyewahi kukwama Ubungo, Dar es Salaam, saa za jioni anajua kiganja cha kushoto kinavyokufa ganzi. Changu hakikuwa na kazi yoyote.

Halafu nikaipeleka Surrey, kwenye kona za Box Hill. Jamani! Unapandisha gia mafuta yakiwa wazi, mguu unagusa tu, gia imeingia. Unapangua kutoka ya nne hadi ya pili ukiikaribia kona, na mfumo unaiacha klachi iteleze kidogo kabla haijashika sawasawa, tairi la nyuma linabaki limetulia. Wewe ndiye unayechagua gia, wewe ndiye unayeamua kona hii uingie na ipi.

Nikataka kugeuza kwenye njia nyembamba, mahali ambapo sote tumezoea kucheza na klachi nusunusu. Nikaishika kwa mkono wangu. Papo hapo taa ya kijani yenye herufi A ikazimika kwenye kioo cha dashibodi, mfumo ukanipisha. Nikageuza kwa namna niliyoizoea, nikaachia, nikanyoosha njia, na baada ya sekunde chache A ikawaka tena. Hakuna kitufe cha kubonyeza wala menyu ya kutafuta!

Wapinzani wake ni hodari. DCT ya Honda wenyewe, iliyoingia sokoni 2010 kwenye VFR1200F, ina klachi mbili, moja ya gia 1, 3 na 5, nyingine ya 2, 4 na 6, na inabadilisha gia yenyewe kwa ustadi mkubwa. Lakini kwenye Africa Twin inaongeza takriban kilo 10, na mkono wa klachi haupo. Yamaha Y-AMT ya 2024 ni nyepesi, kilo 2.8, ila kwenye MT-09 imeondoa mkono wa klachi na pedali pia. Gia unabonyeza kwa kidole. Kwa safari ndefu, nazikubali zote mbili. Kwa moyo wa mwendeshaji, E-Clutch.

Yapo ya kuangalia. Kile kifuniko cha kulia kimejitokeza, na muundi wa mguu utakigusa. Pia haikuchagulii gia: ukisimama ukiwa kwenye ya tatu, kioo cha dashibodi kinakuonya, na kushusha ni juu yako. Mimi sioni ubaya. Ndiyo maana halisi ya kuendesha.

Kinachonisisimua zaidi ni kinachokuja. Honda Super Cub ya 1958 ilishawapa watu gia za mguu bila mkono wa klachi, na ikauzwa kuliko chombo chochote cha moto duniani. E-Clutch ni wazo lilelile, safari hii likikuachia uamuzi wote, na tayari limeanza kushuka kwenye injini ndogo: 2025 Honda waliiweka kwenye Rebel 250 huko Japani. Zimebaki cc 125 na 150, zile zinazobeba abiria na magunia Afrika Mashariki kuanzia alfajiri. Honda, shusheni hadi huko! Wanaoshika klachi kutwa nzima kutafuta riziki ndio wanaoihitaji kuliko sisi wa kupanda milima kwa starehe.